Kwa Darbara au kwa Bi Orozco

Jumatatu, 6 Machi 2023

Nimeamua. Lile lori nitaliendesha mimi. Naandika hapa kwanza, nisije nikajikana kesho.

Limekaa uani tangu Oktoba. Mume wangu Balkar alinyimwa cheti cha afya cha madereva, kisukari kimempanda machoni. Siku ile alilirudisha nyumbani mwenyewe kwa mara ya mwisho, akalizima, akabaki ndani yake nusu saa nzima. Tangu hapo analiosha kila Jumapili. Halina safari yoyote na linang'aa kuliko sufuria zangu.

Binamu yake wa Yuba City analitaka. Leo kapiga tena simu. Balkar kamjibu, "Nitakuambia." Alipokata akaenda kusimama dirishani.

Ndipo nikamwambia: niachie mimi. Miaka kumi na minane napanga zabibu kwenye maboksi, mikono yangu si ya mtoto. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Kasema, "Mama Navreet, ukipata leseni kabla ya mapichi kuiva, haliuzwi. Usipoipata, nampa binamu ufunguo." Basi. Wanaume wa kwao hawana maneno mengi.

Leseni ya mwanafunzi ninayo tangu mwezi jana. Sasa shule. Hapa Selma ziko mbili. Nitaziona zote mbili kwanza, kisha nitachagua — mimi.

Jumatano, 8 Machi

Nimeenda kwa Darbara, mwenye shule ya kwanza, baada ya kazi. Uwanja wake uko nyuma ya gurudwara, hekalu letu, matope hadi kwenye kifundo cha mguu. Ndiye aliyemfundisha Balkar, na ndiye aliyempatia mzigo wake wa kwanza. Nusu ya madereva wa vilemba unaowaona kwenye barabara kuu ya 99 wamepitia mikononi mwake.

Kanipokea vizuri. Chai kwanza, tena chai, halafu lori. Anafundisha kwa Kipunjabi, na huo ni utamu mkubwa kwa mtu kama mimi. Wiki tatu tu, kasema, shemeji utakuwa umemaliza.

Kanipa karatasi sita. Ni maneno ya ukaguzi, yale ambayo mtahini anataka uyaseme huku unalizunguka lori na kugusa kila kitu. Maneno ni Kiingereza, ila yameandikwa kwa herufi zetu. Nikamuuliza hili maana yake nini. Kasema, "Maana ya nini, shemeji? Shika tu kama sala. Anza boneti, malizia mkiani. Watu mia nne wamepita hapa."

Mia nne si haba.

Ijumaa, 10 Machi

Kurasa mbili zimeingia kichwani. Nazisema nikipanga maboksi, nazisema nikikanda unga. Haina ufa, haijapinda, haijavunjika. Haina ufa, haijapinda, haijavunjika. Kila kifaa kina kiitikio hicho hicho. Jana nimelishika friji nikalisomea, Balkar akanitazama kama nimepagawa.

Navreet kanipigia toka chuoni, nikamkariria ukurasa mzima wa kwanza. Mwanangu yule, badala ya kunisifu! Kauliza, mama, hiyo uliyosema sasa hivi ni nini? Nikamwambia ni kitu cha chini ya boneti. Kitu gani? Nikamwambia ana mdomo kama wa bibi yake.

Lakini kaniambia pia jambo la maana. Ile shule ya pili, ya watu wazima, ng'ambo ya reli, inaanza Jumatatu ya tarehe 20. Wiki nane, Kiingereza kitupu. Kujiandikisha mwisho Ijumaa ijayo, saa kumi na moja jioni. Kapiga simu mwenyewe kuuliza — imebaki nafasi moja. Baada ya hapo ni Agosti, na Agosti mapichi yameshaliwa na mbegu zimeshatupwa.

Jumapili, 12 Machi

Nimekasirika hadi kalamu inatoboa karatasi.

Nilikuwa jikoni gurudwara, nimekaa na wanawake wenzangu tunasukuma chapati. Upande wa pili wanaume wanakula. Nikasikia sauti ya Balkar: mke wangu ataanza kwako Jumatatu ya tarehe 20, ndugu Darbara, umeshapata mwanafunzi. Mbele ya watu wote! Darbara akanyanyua bilauri ya chai na watu wakapongeza. Wanawake wakanigeukia kunipa hongera, na mimi mikono yote unga, nifanye nini? Nikatabasamu. Ile chapati niliisukuma mpaka ikapasuka.

Kwenye gari nikamuuliza: mbona hukuniuliza? Kasema, Darbara ni kaka yangu, nilipotua nchi hii nililala kwake miezi mitano. Nikamwambia sijachagua bado. Kasema, neno limeshatoka, mama Navreet, sasa uso nitauweka wapi?

"Neno ni lako," nikamwambia, "lakini mguu kwenye klachi ni wangu."

Tulipofika nyumbani akaenda moja kwa moja kulala. Hata lori hakuliosha leo.

Jumatatu, 13 Machi

Nimekwenda ng'ambo ya reli. Sikumwambia mtu.

Mwalimu anaitwa Bi Orozco. Mfupi, mvi tupu, buti za mpira. Kabeba nyanya kwa lori miaka thelathini kabla ya kufundisha. Hakunipa chai. Alinipeleka moja kwa moja penye lori, mvua inanyesha, akasema nionyeshe unachokijua.

Nikafurahi — hapo ndipo penye nguvu zangu! Nikasimama mbele ya boneti nikaanza. Nilikuwa natiririka. Akanisikiliza dakika moja, akanyanyua kidole. Akasema: vizuri. Sasa tuanzie nyuma, kwenye trela.

Nikaenda nyuma. Nikafungua mdomo. Hamna kitu. Mkia upo mbele yangu, taa zipo, mlango upo, na mimi sina hata neno moja. Nikafumba macho nikaanza tena kimoyomoyo toka boneti, nikapita injini, nikapita usukani, midomo inacheza, mvua inaniingia shingoni. Yeye kasimama tu, kaningoja. Nikafika mkiani kichwani mwangu, nikafumbua macho, nikasema kwa sauti: bawaba za mlango, hazina ufa, hazijapinda, hazijavunjika.

Akauliza, "Na ikiwa imepinda?"

Sikuelewa. Akanionyesha kwa kidole bawaba ya chini. Nikainama nikaitazama — ilikuwa imepinda kweli! Nimeishika kwa mkono wangu nikasema haijapinda.

Aibu niliyoipata sitaisahau. Kwenye zile karatasi sita lori ni zima siku zote. Hakuna hata mstari mmoja wa lori linaloumwa.

Bi Orozco hakucheka. Kasema wanamjia wengi wenye ugonjwa wangu, na unatibika. Akanifundisha sentensi moja ya Kiingereza: lori hili haliondoki hapa mpaka bawaba itengenezwe. Nikaisema mara kumi. Kila neno nilijua ni la nini. Nimerudi nyumbani nimelowa chapachapa na nina furaha kama mjinga.

Nataka shule hii. Nimeiandika.

Alhamisi, 16 Machi

Siku tatu nimekaa na jambo hili. Leo asubuhi nimelitoa. Niko zamu ya mchana wiki hii, kwa hiyo tulikuwa wawili tu mezani, mimi na Balkar na chai yetu.

Nikamwambia yote. Bawaba, mvua, kufumba macho. Nikangoja anifokee. Kweli kaanza kufoka: kwamba nimekwenda kwa siri, kwamba Mmeksiko huyo ana nini ambacho Darbara hana, kwamba gurudwara nzima itasema Balkar neno lake ni la jana, leo halipo. Nikamwambia, baba Navreet, watu watasema wiki moja. Barabarani nitakuwa miaka. Akasukuma kikombe kando. Akatoka nje mvuani bila koti.

Baada ya robo saa akaniita. Yuko nyuma ya lori letu, kilemba kimelowa. Kasema, gusa gurudumu hili, useme. Nikagusa nikasema, halina ufa, halijapinda, halijavunjika. Kasema: mimi nilisema hivyo hivyo. Mwaka 2014, nateremka mlima wa Tehachapi na mzigo wa karoti. Asubuhi ile kabla ya kuondoka nimepitisha mkono juu ya ufa wenye urefu wa kidole, na mdomo unaimba hakuna ufa. Gurudumu lilichomoka kwenye kona ya tatu. Likapita mbele ya gari dogo lenye watoto.

Hakuna aliyeumia. Mimi aliniambia ni pancha. Miaka tisa ananiambia ni pancha!

Nikamuuliza, Darbara anajua? Akatikisa kichwa. Kasema, mwalimu wako aliyekulaza kwake, unaanzaje kumwambia somo lake lina tundu?

Tukasimama pale wote wawili tunalowa. Halafu nikamshika mkono. Sikumbuki mara ya mwisho nimemshika mkono uani mchana kweupe. Kasema, kesho nitakwenda kulirudisha neno langu mwenyewe. Usije ukalisema wewe.

Nampenda huyu mzee. Basi, nimeandika, na daftari hili hafungui mtu.

Ijumaa, 17 Machi

Naandika nikiwa kwenye gari, mbele ya uwanja wa Darbara. Fomu iko mapajani, nimejaza kila kitu ila sahihi. Saa kumi kasoro dakika kumi. Nimeomba ruhusa kazini. Kutoka hapa mpaka ng'ambo ya reli ni dakika kumi na tano kama treni haipiti.

Balkar yuko ndani muda mrefu sasa. Kavaa kilemba cha harusi. Nilimwambia unakwenda kurudisha neno, huendi kuposa, lakini hakusikia.

Saa kumi na dakika tano. Nawaona. Wametoka, wamesimama kando ya lori la shule. Balkar anaongea akitazama chini. Darbara kafumbata mikono kifuani. Sisikii kitu. Balkar sasa ananyoosha mkono kwenye gurudumu la nyuma — anamsimulia Tehachapi, Mungu wangu.

Darbara kageuka kaingia ofisini. Mlango kaubamiza, huo nimeusikia.

Saa kumi na robo. Balkar kabaki pale peke yake kama mtu aliyekosa basi. Nataka kumwita twende, na siwezi. Nafasi ni moja na saa haimngoji mtu. Lakini nikimwita sasa, urafiki wa miaka ishirini nitakuwa nimeuacha kwenye matope haya.

Saa kumi na nusu. Darbara katoka. Ameshika zile karatasi sita na kalamu. Kampita Balkar bila kumtazama, anakuja kwangu. Nateremsha kioo.

Hakunisalimia. Macho mekundu. Kasema, "Shemeji, huyo mama alipokuuliza, na ikiwa imepinda — jibu lake ni lipi?"

Nikamwambia kwa Kipunjabi. Kasema hapana, kwa Kiingereza, polepole. Nikamtamkia. Akaweka karatasi juu ya boneti ya gari letu, akaandika ukingoni kwa herufi zetu. Akaisoma. Akaikosea, nikamrekebisha. Nimemrekebisha Darbara. Akauliza, na breki ikivuja? Na taa ikifa? Nikamwambia sijui, ndugu yangu, ndiyo maana naenda kule. Ofisi inafungwa saa kumi na moja. Ingia garini, ukamuulize huyo mama mwenyewe.

Katazama viatu vyake. Katazama geti lake. Watu mia nne, kasema, lakini hakuwa akisema na mimi.

Saa kumi na dakika thelathini na nane. Honi ya treni inasikika, bado iko mbali. Balkar amemfungulia Darbara mlango wa nyuma wa gari, ameushika. Darbara yuko getini, anahangaika na kufuli, sijui analifunga aje nasi au analifungua arudi ndani. Nimehamia kwenye usukani. Injini inaunguruma.