Mwalimu Ameniletea Bangili Nyingine

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako, maana nimekwama na hapa kwetu, karibu na Kagongwa, sina wa kumwambia bila habari kumfikia mume wangu, na ukichapa haya tafadhali badili majina. Mimi ni mkatekumeni, nangoja ubatizo, nimevaa medali ya Bikira Maria shingoni, na mume wangu Nkwabi hajabatizwa wala hataki, anafuata ya wazee wake, lakini hajanizuia hata siku moja. Binti yetu Mbuke anasoma shule ya misheni, na tangu angali mchanga alivaa mkononi bangili ya shaba ya marehemu mama yake Nkwabi, kwa sababu alikuwa halali kwa kilio na mganga akasema bibi anataka kukumbukwa, na alipovishwa akanyamaza. Mume wangu alikubali asome kwa sharti moja tu, bangili isiguswe, nami nikamwapia.

Sasa mwaka huu amekuja mwalimu mpya, Mwalimu Donatus, akasema chini ya msalaba wa darasani hataki kuona kitu cha mizimu wala hirizi, akamvua hirizi mtoto wa mwenye duka Mwislamu, kisha akamshika Mbuke, na kwa kuwa bangili ilikuwa imembana akaivuta kwa sabuni mpaka ngozi ikachubuka, halafu akaitupa katika choo cha shule ili asiichukue tena. Tangu hapo Mbuke hali chakula, ana homa, mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko na kila mara ananiambia, "Mayu, mkono unawaka moto." Wazee wanasema bibi amekasirika na mtoto hatapona mpaka bangili irudi. Katekista anasema ni hila za shetani, nimnyunyizie maji ya baraka. Nilipotaja hospitali ya masista mume wangu akaniuliza, "Na kule watamvua nini?"

Mume wangu anajua bangili ilivuliwa, lakini habari ya choo sijamwambia, anadhani mwalimu ameifungia kabatini. Mwalimu naye aliposikia mtoto anaumwa aliogopa, akaja kwangu wakati mume wangu yuko machungani, akaniuliza bangili ilikuwaje, nami kwa ujinga wangu nikamweleza yote, hata lile pengo dogo ambalo bangili ililipata siku jembe lilipomteleza mama mkwe shambani. Basi amemwendea mfua shaba akaniletea nyingine yenye pengo vilevile, ameipaka masizi ionekane kuukuu. Amesema, "Mama Mbuke, mwambie mzee imeonekana. Shaba ni shaba. Atamvisha, roho itamtulia, na sisi tutaishi kwa amani." Nimeificha ndani ya mtungi wa mtama. Nikimpa mume wangu nitakuwa nimemdanganya juu ya mama yake mzazi, na nisipompa atawatoa watoto wetu wote shule na kumfuata mwalimu kwa mkuki, ameshasema. Nimpe au nisimpe?

Mama Mbuke

*

Mama Mbuke,

Marahaba, na pole sana. Majina nimeyabadili, na jibu hili nimekutumia kwa posta kabla halijachapwa, maana nimeogopa.

Umenijazia karatasi kwa habari za bangili, na mkono wa mtoto umeupa maneno machache. Umevimba mpaka kwenye kiwiko! Ngozi ilichubuliwa, uchafu ukaingia, na homa inatoka hapo. Wazee wanasema bibi, katekista anasema shetani, mwalimu anasema shaba, wewe unauliza nimpe au nisimpe, na hakuna hata mmoja wenu aliyekiosha kile kidonda. Mnanitia hasira nyote. Weka barua hii chini, mbebe mtoto, panda lori la pamba mwende hospitali ya Serikali, akachomwe sindano. Huko hakuna wa kumvua kitu kwa ajili ya dini. Mwambie mumeo hivyo, tena afuatane nanyi aone mwenyewe.

Bangili ya mtungini usimpe mumeo. Mtu huyu ameiona medali shingoni mwako siku zote na hajaigusa. Kama angeivua akaitupa chooni, kisha akakuletea nyingine akakuambia bati ni bati, ungeivaa? Mwambie yote, choo na mtungi, mbele ya kaka yake au mtu mwingine anayemstahi, ili mkuki ubaki ukutani. Akitaka kushtaki, baraza la Mtemi lipo, na wewe ukawe shahidi wake.

Na wewe Mwalimu, gazeti hili linafika shuleni, utajijua. Binti huyu alikaa chini ya msalaba wako na bangili yake mkononi, na msalaba haukuanguka. Chukua jembe ukachimbe kile choo, wewe mwenyewe, usiwatume wanafunzi. Uioshe bangili, uipeleke kwa baba yake mtoto, uombe radhi. Ukitoka hapo nenda kwa mwenye duka na ile hirizi.

Mama, posta yetu ni ya polepole, na sijui maneno haya yatawakuta katika hali gani. Hata kama yatakuta msiba, mwambie mumeo ukweli siku hiyohiyo, kabla kaburi halijafukiwa. Asije akamzika binti yake na bangili ya uongo mkononi, akidhani ni ya mama yake.

Mshauri wenu