Mstari Uliokataa Kulala

Jumatatu, 9 Machi

Chai, koti, washa mashine. Saa tatu nimeingiza mafuta ya mdalasini ya Bi Mwajuma. GC, mashine yangu ya kutenganisha kemikali, inatakiwa ichore vilele, kimoja kwa kila kitu kilichomo, juu ya mstari uliolala. Leo mstari umepanda kama njia ya mlimani kwao. Vilele vidogo vyote vimemezwa. Mnunuzi anadai kina mama wa kikundi cha Bi Mwajuma wamechakachua mafuta. Asipopata majibu Ijumaa, hanunui tena. Kwa mstari huu siwezi kumtetea mtu.

Jumanne, 10 Machi

Nimebadilisha kizibo cha mpira, pale sindano inapoingia. Bure. Kioo cha ndani, bure. Nimesafisha kitambuzi, pua ya mashine, mpaka kinang'aa. Bure tena! Dokta Komba, bosi wangu, kapita, kanywa chai yangu, kasema pole. Nimekasirika. Jioni nimefunga mtungi wa gesi, huyo nyumbani.

Jumatano, 11 Machi

Nimepata! Nimechomoa ule mrija mrefu ambamo mafuta hupita yakitengana, nikaziba kitambuzi, nikapandisha joto. Mstari tuli. Kumbe ugonjwa uko kwenye mrija! Na anayeuua ni nani? Mimi! Nyumbani Kilakala mama kanilea na amri moja: ukitoka, funga mtungi. Basi na huku kila jioni nafunga, mashine ingali moto. Gesi ikikatika, hewa inaingia, inauunguza mrija kwa ndani. Huu si mtungi wa kupikia, jamani! Nimemwambia Dokta mwenyewe, kabla hajauliza. Kacheka mpaka kakaa chini. Aibu tupu, lakini na mimi nilicheka.

Alhamisi, 12 Machi

Nimekata kipande cha mwanzo, kilichoungua zaidi. Gesi wazi, joto juu. Saa nne, mstari bado juu. Saa nane, umeshuka kidogo. Saa kumi, umelala! Nimepiga kigelegele. Wapima udongo wa chumba cha pili wamekuja kuuliza nani kaolewa. Nimeingiza mafuta. Vilele wima, hata vile vidogo, vyote vya jani la mdalasini. Kigeni hakuna hata kimoja. Nimechapa cheti cha majibu.

Ijumaa, 13 Machi

Bi Mwajuma kafika asubuhi, viatu vina tope. Shikamoo, marahaba. Nimemwonyesha kilele kimoja kimoja, naongea mbiombio. Kasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema taratibu kwamba yeye hakuwa na wasiwasi, mafuta kayachemsha kwa mikono yake. Kafuata mhuri tu, kwa kuwa neno lake halikutosha.

Nimegonga mhuri. Nimemsindikiza hadi getini.