Ireland Inatuhusu

Mdogo wangu Hemedi,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitaki ipoe kwanza ndipo niandike, kwa sababu unanijua, hasira yangu ikipoa inageuka uvivu. Tangu habari yako itufikie, kuna watu hapa Gando wanatembea na neno moja mdomoni: masikini Hemedi, kafa hana mtu. Wanalisema dukani, wanalisema msibani, wanamwambia na mama uso kwa uso, eti ndiyo wanamfariji. Ndiyo maana barua hii naiandika mbele za watu, ili na wao waisome. Hukufa huna mtu. Mimi dada yako sinyamazi mpaka hilo lieleweke.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe ulikuwa umeshazoea kazi yako ya kutunza wazee kule Ireland. Mimi nilikuwa nimepewa kipindi cha Alhamisi baada ya Alasiri katika redio yetu ndogo ya Chake, kipindi ambacho watangazaji wenzangu wote walikikwepa, kwa sababu saa hizo watu wako shamba au wamejilaza. Ukanipigia simu ukasema unamhudumia bibi mmoja nyumbani kwake, mwalimu mstaafu, jina lake Nora, na maneno yake ni mfereji uliovunjika koki, na ungependa Wapemba wamsikie. Nikakuuliza Wapemba wamsikie wapate nini. Ukanijibu, "Dada, kisiwa kino ni Pemba iliyopigwa na baridi." Nilicheka, na kwa kicheko hicho nikakubali. Kipindi tukakiita Kisiwa kwa Kisiwa. Wewe ulikaa na Bi Nora jikoni kwake, simu katikati ya meza, mimi studio. Nauliza kwa Kipemba chetu, unamfasiria, anajibu, unanirudishia.

Kile cha kwanza nusura kiniue kwa aibu. Nilimsalimu kama anavyosalimiwa mtu mzima kwetu: u mzima, wa nyumbani wazima, watoto je, majirani je, mifugo je. Kwetu maswali hayo yote jibu lake ni moja, wazima, njema, alhamdulillahi, hata kama nyumba inaungua moto. Bi Nora hakuambiwa. Nilipomuuliza uzima akaielezea nyonga yake tangu ilipoanza kumuuma. Nilipouliza watoto akamtoa mwanawe aliyehamia Australia, kwa nini alihama, nyumba za mjini kwao zilivyo ghali hata mtu na mshahara wake mzuri hapati pa kulala, na vijana wanavyoondoka mmoja mmoja kama zamani. Nilipofika kwa majirani, akamwanika mmoja aliyekuwa akisogeza ua wake kidogo kidogo mpaka umeingia kwenye bustani ya watu. Muda ukaisha sijauliza hata swali moja katika yale niliyoyaandaa. Nilitoka studio kichwa chini, kumbe simu za kituo zinaita mfululizo. Watu wanataka kujua ule ua umeishia wapi.

Tokea hapo sikuandaa tena maswali. Nilisalimu tu, na Ireland nzima ikamwagika.

Na ile Alhamisi ya njaa, najua hukuisahau. Bi Nora alitueleza jinsi viazi vilivyooza ardhini zama za wazee wa wazee wake, watu wakafa njiani wakitafuna majani. Mzee mmoja akapiga simu kutoka Chokocho. Akauliza, kisiwa kizima hicho, hakikuwa na chakula kingine? Kilikuwapo, akasema Bi Nora, nafaka, siagi, ng'ombe. Mzee akauliza kilikwenda wapi. Nikasikia kijiko kinawekwa mezani huko kwenu, kisha sauti yako ikashuka: "Kilipakiwa merikebuni kupelekwa kwa Waingereza. Kilipita mbele ya macho yao." Mzee akasema, "Basi hao twawajua," akakata simu. Hakuna mtu Pemba aliyeomba maelezo zaidi.

Kesho yake mkuu wa kituo aliniita. Akaniuliza Ireland inatuhusu nini. Akataka nilete mambo ya maana, kilimo, afya, na nizungumze Kiswahili cha shule, kwani Kipemba hewani kinatuonyesha washamba. Hemedi, mimi nilishachekwa vya kutosha nilipokuwa nasoma Unguja. Nikifungua mdomo tu, darasa zima linageuka. Nikampa mkuu kisa cha nyanya yake Bi Nora, aliyechapwa skuli kwa kusema lugha ya kwao mpaka akaapa wanawe hawataijua, na leo mjukuu mtu kabaki na maneno machache tu ya bibi yake, ya kuombea dua na ya kutukania. Nikamwambia mimi wajukuu zangu sitaki wabakiwe na matusi peke yake. Hakucheka. Na mimi lugha sikubadilisha.

Kisha ikaja ile wiki uliyonyamaza. Nilikuvuta maneno kwa shida mpaka ukasema kuna watu wameshika mabango nje ya jengo wanamohifadhiwa wageni waliokimbia kwao, wanadai nchi imejaa, na wewe siku hizi unazunguka njia ndefu kwenda kazini. Nikakwambia urudi. Mama akakwambia urudi. Hukutaka, na mimi nikakukasirikia, nikasema una kichwa cha jiwe, ukasema umekirithi kwangu. Alhamisi ile Bi Nora hakungoja hata nimsalimu. Alikwambia umfasirie neno kwa neno. "Watu wetu walizijaza bandari za dunia nzima kwa njaa yao. Leo tuna mdomo gani wa kusema tumejaa?"

Na hakuishia kusema. Asubuhi yake alichukua bakora yake, na nyonga ile, akakusindikiza dukani, na kila aliyekutana naye akamwambia huyu ni Hemedi, mtoto wa Bi Mize wa Pemba. Ulinihadithia huku unacheka kwamba na kwao pia mtu haulizwi kwanza kazi yake, anaulizwa yeye ni wa kina nani. Usiku wangu wa wasiwasi uliisha siku hiyo. Nilijua upo kwa watu.

Halafu moyo wako ukasimama, mchana, ukiwa kazini. Kukuleta nyumbani hatukuweza. Waislamu wa kule walikuosha, wakakuswalia, wakakuzika, Mungu awalipe. Sisi huku tukakuswalia swala ya maiti asiyekuwapo, na mama akakaa mkekani, hakumuuliza mtu chochote. Wageni wakaingia na lile neno lao, hana mtu, na kila likisemwa nilimwona mama anainama kidogo zaidi. Nilitamani niwafukuze msibani kwa ufagio.

Ilibaki tanzia. Wewe huhitaji kuambiwa tanzia ya redio kwetu ni kitu gani. Mtu hajafa sawasawa mpaka jina lake lisomwe, na wanaoarifiwa watajwe kijiji kwa kijiji, na ole wako umsahau binamu wa mbali, atanuna mpaka na yeye asomwe. Bi Nora alitwambia na redio ya wilaya yao inasoma maiti kila asubuhi, na chai haimiminwi mpaka majina yaishe. Ami alipanga majina yako: wa Gando, wa Pujini, wa Chokocho. Nikamwomba tumtie na Bi Nora. Akasema hapana. "Tanzia ni ya jamaa, mwanangu. Yule ni mzungu wa kwenye simu." Sikumlaumu sana, ami ni mtu wa kanuni na yeye ndiye aliyetulea baba alipofariki. Lakini nikamuuliza, jamaa ni nani basi? Akanambia Ireland nisiiingize matangani. Mkuu wa kituo naye akaona amepata mlango. Akasema nisome tanzia kama ilivyo, nikifunge na kipindi, kwani Hemedi hayupo na Ireland imekwisha.

Kilichotokea Alhamisi iliyopita ndicho kilichofanya niambiwe nisirudi. Nitarudi. Wakitaka kunitoa kwenye kile kiti waje wanibebe.

Nilisoma majina yote, kwa adabu na kwa utaratibu. Nilipomaliza ya Chokocho sikuvuta pumzi, nikaendelea, "na Bi Nora, wa Ireland." Kupitia kioo nikamwona mkuu anainuka. Alipofungua mlango anifokee, akakuta nyuma yake amesimama mama na buibui lake, na ami amemshika mkono. Ami ndiye aliyemleta mjini, akidhani mama anataka kusikia tanzia ya mwanawe kwa karibu, basi. Mama hakumtazama mtu. Alikaa kwenye kiti cha mgeni na kusema anataka kusema na bibi yule. Mkuu akarudi mlangoni. Kumtoa mfiwa kitini kunahitaji moyo asio nao.

Nikapiga. Mfasiri safari hii nilikuwa mimi, na Kiingereza changu unakijua, ni kile kile cha skuli, kina makovu. Mama alianza na salamu, hakuruka hata moja. Alimuuliza nyonga, alimuuliza mwana wa Australia, aliuulizia na ule ua. Kumbe miaka yote aliyokuwa akisema hana haja na mambo ya Ireland, alikuwa akisikiliza. Bi Nora, aliyekuwa akijibu kila kitu kwa urefu, siku ile alijibu kama sisi, njema, njema, njema. Kisha mama akaweka viganja viwili mezani.

"Mwanangu kafa yu na nani?"

Nilifasiri. Bi Nora akasema alikuwa na yeye. Ulikuwa unamenya viazi, ukasema unataka kukaa, ukakaa chini sakafuni. Na yeye akashuka chini na nyonga yake, akakipakata kichwa chako, na mpaka wenye gari la wagonjwa walipoingia hukutoka mapajani mwake. Nilimfikishia mama yote, kidogo kidogo. Nilikuwa nalia na sikujificha, na kama Pemba nzima ilinisikia, na isikie.

Mama akauliza, "Kasema nini?"

Mkuu alikuwa ameegemea mlango. Bi Nora akajibu, na mimi ilibidi nimwombe arudie, si kwa sababu sikuelewa.

"Aliita mama. Wewe ulikuwa mbali, nikaitika mimi. Nilimwambia mama niko hapa. Sikukuomba ruhusa, nisamehe."

Mama hakulia. Alimgeukia ami pale mlangoni akamwambia, "Shemeji, tanzia nataka isomwe tena." Ami akasema kwa upole kwamba tanzia ya mtu haisomwi mara mbili. Mama akasema, "Hii ilikosewa."

Ami alimtazama, kisha akaniangalia mimi, akaitikia kwa kichwa. Basi nikakisogeza kipaza sauti, nikakutaja upya jina lako na jina la baba na jina la babu. Yaliyofuata sikuyabuni. Mama alikuwa ameniinamia sikioni akinambia la kusema, na mimi nililisema kwa sauti yote niliyonayo: marehemu ameacha mama wawili, Bi Nora wa Ireland na Bi Mize wa Gando.

Pumzika huko ulikolazwa, mdogo wangu, Mungu akupanulie kaburi lako.

Ni mimi dada yako.