Gari la Baba si la Kuuzwa

Muscat

Kwako ndugu yangu Nassor,

Assalaam alaykum. Salamu ya Mungu siwezi kukunyima, kwa hiyo ipokee. Mimi ni mzima, ila mgongo unaniuma kwa kuinamia cherehani. Mama yu hali gani? Mguu wake umepungua uvimbe? Usinijibu wewe, mwambie wifi yangu anijibu, maana kwa sasa hata ukiniambia jua limechomoza nitatoka nje kuhakikisha.

Nimeliona tangazo lako. Salma, ninayeshona naye mito na makochi hapa dukani, ndiye aliyenionyesha kwenye simu yake, kafurahi: "Tazama, gari la kwetu Unguja." Nikatazama. Gari la Kimarekani la wazi, la zamani, limetengenezwa upya, linauzwa. Umeliegesha Fumba mbele ya nyumba mpya, na mtalii kakaa juu ya boneti na nguo zake mbichi za kuogelea. Wewe umesimama pembeni na miwani ya jua, mkono mfukoni. Salma alivyoniona uso akadhani nimepata habari ya msiba.

Na yale maneno uliyoandika. "Halikufanya kazi nyingi, liliendeshwa Sikukuu tu." Huna haya, Nassor? Gari lile limebeba mabibi harusi wa mtaa mzima. Umesahau Baba alivyokuwa akilifungua turubai la juu bwana harusi anapopelekwa msikitini kuozeshwa, ili watu wamwone, kisha akalifunga kwa mikono yake anapochukuliwa bibi harusi, asichunguliwe na wapita njia? Mimi na wewe tulikuwa tukigombania kushika ncha ya turubai.

Siku alipoliweka wakfu mimi nilihadithiwa. Wewe ulikuwa umesimama ubavuni mwake, nje ya msikiti wa mtaani kwetu, watu wametoka kusali Ijumaa. Alisema gari hili tangu leo si langu wala si la wanangu, ni la mayatima wa kike wa mtaa huu, waende kwa waume zao kwa heshima kama wenye baba. Watu wakaitikia amin, na wewe ukaitikia.

Nilipokupigia simu ukanijibu: "Dada, wakfu ni misikiti, majumba na visima. Gari lina magurudumu. Wapi ushaona wakfu unatembea?" Ukacheka na kucheka. Mikeka ya msikitini nayo hukunjwa ikabebwa kwapani, Nassor. Kaiuze na hiyo.

Kinachonichoma zaidi ni uongo wako. Uliniambia: "Nshalipaka rangi, dada, limebakia nguo tu. Zuwena wa Bi Mgeni anaolewa, nnataka awe yeye wa kwanza." Nilifurahi mpaka nikalia. Mtoto yule hana baba wala mama, amelelewa na Bi Mgeni, jirani tu. Nikanunua kitambaa kizito, nikashona nguo za viti nikakuletea, kisha nikaanza turubai, kila nikitoka kazini, vidole vimenivimba, huku namwombea dua. Kumbe namshonea mwenye hoteli anayetaka kulinunua. Na uliponiona nimeshajua, hukuona hata aibu kuniambia kwamba yeye keshakubali, anangojea turubai tu ndipo alichukue.

Ukisoma haya, turubai limeshafika Unguja. Salma amekuja likizo, kalichukua pamoja na barua hii. Barua nimemwambia akupe wewe mkononi. Turubai ampe Bi Mgeni.

Ijumaa ya harusi, baada ya Alasiri, lete gari mpaka mwanzo wa uchochoro wa kwa Bi Mgeni. Livalishe turubai lake hapo, mbele ya watu, umpeleke Zuwena kwa mumewe. Mwenye hoteli mwambie ukweli, na tangazo liondoe leo.

Usipokuja, mimi na Bi Mgeni tumeshaelewana. Wanawake watamfunika bibi harusi kwa turubai hilohilo, watalishika pembe zote, wamtembeze kwa miguu kwa ngoma na vigelegele. Hawatapita njia ya mkato. Watapita mlangoni pako, wasimame, waimbe mpaka utoke, na kila atakayeuliza turubai hili ni la nini ataelezwa.

Mama mbusu mkono, mwambie namkumbuka kila nikila. Wifi yangu simlaumu kwa lolote. Ami Khamis, aliyetusimamia baada ya Baba kufariki, msomee barua hii yote bila kuruka mstari, maana nitampigia nimuulize. Wanao wape pipi alizobeba Salma. Wewe salamu yako ni ile ya mwanzo, inatosha.

Zuwena hajui lolote katika haya. Bi Mgeni ananiambia keshawahadithia wenzake wote kwamba Ijumaa anafuatwa na gari la Baba.

Dada yako wa tumbo moja,
Raya