Vichwa Vyote Vikaitwa Saba

Nyamisangura, Tarime
Jumapili, baada ya ibada

Mwanangu Gidion,

Pokea salamu zangu kwanza, mengine yatafuata yenyewe. Mimi mama yako ni mzima wa kuweza kusimama na kutembea. Magoti yananiuma vile vile ulivyoyaacha, na presha inapanda na kushuka inavyotaka. Wewe sijui. Sijui kama unakula, sijui kama huko Kisumu kuna mtu wa kukwambia kwamba umekonda. Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekwisha? Usinywe vidonge vya kununua tu dukani bila kupimwa, mura wangu, nakuomba. Mbuzi wetu amezaa mapacha. Mahindi ya jirani yameshatoa ndevu na yangu bado yako magotini, maana nilichelewa kupanda, na sababu utaisoma mbele.

Usishtuke kupata karatasi. Kwenye simu nimeshindwa. Nikikupigia unasema uko salama mama, nikitaja jina la kaka yako unakata. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, darasa la nne lile lile, penye makosa wewe ruka. Barua nampa Waitara, yule wa kutoa mizigo ya watu pale forodhani Sirari. Anasema madereva anaowafahamu wanalala Kisumu, na mmoja anakijua kibanda chako cha simu.

Nyangi, mke wa kaka yako Wiliam, amejifungua mtoto wa kiume. Wakaniita kwao Morotonga, kule Mugumu, nikamkande mzazi na kumpikia uji wa wimbi. Nilikwenda moyo ukiwa mzito, maana tangu ulipofukuzwa pale hotelini kwa Mzee Hezekia sikutaka hata kusikia jina la mahali hapo. Lakini mkwe akizaa unakwenda. Ndiyo maana shamba likachelewa.

Mzee Hezekia aliposikia nimefika alinipokea vizuri sana, vizuri kupita kiasi. Nikamwamkia shikamoo ingawa mdomo ulikuwa hautaki. Akasema haiwezekani mama wa vijana wake akae pale bila kuona treni. Unajua sikuwahi kuingia kile chumba. Mlikuwa mnanisimulia tu, wewe na Wiliam, habari za huyo mzee aliyefanya kazi kiwandani Ujerumani hadi akazeeka, akarudi na kontena la treni ndogo za mezani badala ya gari kama wenzake. Basi nimeiona. Meza kubwa kuliko nyumba yangu, mlima wa saruji na magunia, Mto Mara wa kioo, daraja, na stesheni imeandikwa Mugumu, ina hata saa. Watalii wakitoka mbugani wanakaa pale na watoto wao wanakunywa chai wakiitazama. Nikawaza, sisi wa Mara treni tumeletewa ya kuangalia.

Nikakukumbuka ulivyokuwa unakuja nayo hapa nyumbani, unakaa kwenye kile kiti cha mlangoni, kichwa cha treni umekifumua kama kuku aliyechinjwa. Unakata nyaya za zamani, unaweka ile dikoda yako, kibao kidogo kama ukucha wa kidole gumba, unachomelea kwa waya wa risasi huku moshi unakuingia machoni. Nikakuuliza hicho ni cha nini. Ukasema zamani umeme ukiingia relini vichwa vyote vinaondoka, ila ukishakiwekea kichwa dikoda kinakuwa na akili yake na namba yake, ukiita namba kwenye rimoti kinakwenda hicho tu. Ukaona sijaelewa, ukanipa mfano wa ng'ombe wa marehemu baba yenu. Kila mmoja alikuwa na jina lake, ukimwita mmoja zizini anainua kichwa huyo, wengine wanaendelea kucheua. Lakini ukasema siku ya kumpa treni namba lazima uondoe zote relini ubakize hiyo moja. Ukitaja namba mpya zote zikiwepo, zote zinaichukua. Nikacheka, nikasema ng'ombe wetu hawakuwa wajinga hivyo. Ukasema treni ni jinga, mama, linasikia chochote kinachopita relini. Siku ile tulicheka wote, hata Wiliam, alikuwa amekaa pale kwenye ndoo anakushikia waya.

Wiliam tulimkuta mle chumbani anataka kubadilisha namba ya kichwa kimoja chekundu. Nikamwona anaviondoa vingine vyote kimoja kimoja, anavilaza kwenye kapu lenye taulo kama mtu anayepanga mayai. Nikafurahi, nikasema moyoni ndivyo Gidion alivyofundisha. Maana kazi ile wewe ndiye uliyemtafutia. Mzee alikuja Tarime kutengenezewa simu, akaiona mikono yako, akakuchukua, na wewe ukamchukua kaka yako aliyekuwa anashinda kijiweni.

Mzee naye akawa ananichangamsha. Akanionyesha daraja, akaanza kunisimulia siku ya kulizindua. Akasema mtoto wa mgeni mmoja mkubwa aliomba kichwa cheusi kiitwe saba, kwa sababu ndiyo miaka yake, na kijana wako akampa saba pale pale wageni wakiwa bado wanasalimiana mlangoni. Akasema bora asingempa, maana kichwa kile ndicho marehemu mke wake alichomnunulia mwisho.

Nikamuuliza kijana wangu yupi.

Mzee akatazama viatu vyake. Gidion, wewe asubuhi ile ulitumwa Mugumu mjini kuchukua mafuta ya jenereta. Ulinisimulia mwenyewe hapa jikoni, kwamba ulirudi na dumu mkononi ukakuta vichwa viko chini, watu wanakutazama, na mzee analia huku anasema umeuza dikoda zake za Ujerumani Sirari ukaweka za bandia. Hukuwepo wakati huyo mtoto anataka saba. Hata habari ya saba hujawahi kuniambia, kwa hiyo hukuijua. Nikamgeukia Wiliam. Alikuwa na kichwa kimoja mkononi, hakiweki kwenye kapu wala hakirudishi mezani. Nikamuuliza kama siku ile aliviondoa.

Alinitoa nje, pale kwenye kamba nilikoanika nepi za mtoto, akaniambia yote. Akasema vichwa vilikuwa vimepangwa mstari stesheni, vimefutwa vinang'aa, mgeni yuko mlangoni, akaona aibu kuanza kuvibeba kama mtu anayehama nyumba. Akabonyeza rimoti hivyo hivyo. Vichwa vyote vikaitwa saba. Yule mtoto akazungusha kitufe hadi mwisho, vikaondoka vyote kama ng'ombe waliosikia fisi, vikakutana darajani, na kile cheusi kikashuka hadi kwenye sakafu. Baadaye, wewe umeshafukuzwa, akaviondoa kimoja kimoja akavirudishia namba zake. Wewe ungeshika rimoti kidogo tu ungejua. Hawakukuruhusu uguse.

Nikamuuliza habari za dikoda za bandia zilitoka wapi. Akasema mzee alimuuliza kama yawezekana kosa liko kwenye dikoda, na yeye akajibu labda. Labda, mwanangu. Kutoka hapo Morotonga hadi kufika sokoni kwetu, labda ilikuwa imeshageuka mwizi, na mzee mwenyewe akapanda gari akaja kulitamka mbele ya mabanda yetu. Wewe unajua hapa kwetu mtu akishaitwa mwizi analala vipi. Nilikufungia nguo mimi mwenyewe. Nilikupeleka Sirari mimi mwenyewe, nikakutazama ukivuka mpaka kwenda Isebania na begi la marehemu baba yako, na Wiliam alikuja kutusindikiza. Alilibeba hilo begi.

Akaniomba ninyamaze. Akasema ana mke, ana mtoto mchanga, na wewe uko peke yako, umeshazoea huko, unajipanga. Nilipomtazama tu akanikumbusha kwamba bati la nyumba yangu limetoka kwenye kazi ile. Kweli limetoka humo. Nilikuwa nalisifia kwa majirani. Siku hizi mvua ikinyesha nakaa chini yake nasikia linavyopigwa, nikitamani nyasi zangu zilizokuwa zinavuja.

Sikupiga kelele. Nilirudi ndani nikaendelea kumkanda Nyangi na kumpikia uji wake, sikutaka maziwa yakauke kwa jambo ambalo yeye halijui. Alipopata nguvu ndipo nikaenda kwa Mzee Hezekia. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za ng'ombe na zizi. Hakunipa nafasi. Akaniambia anajua. Anajua tangu kiangazi cha mwaka jana, mwanangu. Alikifungua kile cheusi mwenyewe kwa miwani yake ya kukuza, akakuta dikoda ni ile ile aliyotumiwa na rafiki yake wa Ujerumani. Na mwaka jana huo huo alimbana Wiliam akakiri. Wamekaa nalo hapo, mzee na kijana, wanaendesha treni.

Nilimuuliza kwa nini hakukuita. Akasema angemfukuza Wiliam angebaki na nani wa kuziendesha, na watalii wanakuja kwa ajili ya hizo. Akasema alikuwa anasubiri wakati mzuri. Nikamuuliza wakati mzuri wa nani. Akafungua kabati akanitolea boksi, ndani kile kichwa cheusi, bomba limevunjika na magurudumu ya mbele hayapo. Akasema nikupe ukitengeneze, na ukirudi utakuwa mkubwa wa chumba chote, Wiliam atakuwa chini yako. Alisema kama mtu anayetoa zawadi. Nikamwambia sitaki ukubwa wa chumba, aje tu sokoni Nyamisangura, pale pale aliposimama, aseme kwa mdomo ule ule. Akasema miguu haimruhusu siku hizi. Siku ya kuja kukuita mwizi miguu ilikuwa mizima.

Sasa ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa madereva. Nimelisema mimi. Nilianza sokoni. Kila aliyekuja kununua unga wangu nilimpimia, na nikiwa nafunga mfuko nikamwambia Gidion wangu hakuiba, aliyeharibu ni Wiliam wangu, akanyamaza. Wengine walicheka wakasema mama Wiliam sasa anauza unga na matangazo. Mmoja akaniuliza ni mama gani anayemtoa mwanawe sokoni. Nikamjibu ni yule aliyekaa mwaka mzima akiwa amemtoa mwanawe mwingine mpakani. Na leo kanisani, saa ya matangazo, niliomba nafasi nikasimama nikayasema tena, majina yote mawili, mimi niliyekuwa naogopa hata kusoma zaburi mbele ya watu. Nilimaliza yote, ndipo nikakaa.

Kabla sijafika nyumbani Wiliam alikuwa ameshapigiwa simu. Akanipigia. Hakunitukana, bora angenitukana. Aliniambia taratibu tu kwamba mtoto wake hana bibi Tarime, nisisumbuke kwenda tena. Nyuma yake nilisikia Nyangi analia anamuuliza kuna nini. Na Mzee Hezekia hajamfukuza, wala hatamfukuza. Treni zinatembea.

Kwa hiyo jina lako hapa ni safi. Atakayekuita mwizi leo, wanawake wa sokoni watamjibu kabla yangu. Nimelisafisha kwa kulichafua la mwenzako, na wote wawili niliwabeba mgongoni mwangu kwa kitambaa kile kile. Sikuombi unishukuru. Sikuombi umsamehe pia, hilo sina mdomo wa kuliomba. Boksi la kile kichwa Waitara anakuletea pamoja na barua. Ukitaka kitengeneze, ukitaka kitupe ziwani, mimi sitauliza. Ila usirudi kwa ajili ya mzee. Ukirudi, rudi hapa. Kiti chako kiko mlangoni, na ndoo ile aliyokuwa anakalia Wiliam nimeigeuza naweka maji ya mbuzi.

Majirani wanakusalimu, hata wale waliokuwa wanageuza shingo nikipita. Vaa sweta asubuhi, nasikia upepo wa ziwa ni mbaya kwa kifua. Ukipata barua hii nipigie hata mara moja, na safari hii sitamtaja mtu.

Limebaki moja, nilitaka kulificha nimeshindwa. Yule mtoto wamemwita Gidion. Wiliam ndiye aliyechagua, kabla mimi sijafika kule, kabla ya maneno yote haya. Sasa nakaa hapa uani naliita hilo jina kwa sauti, na sijui namwita nani kati yenu, maana hakuna hata mmoja wa kuinua kichwa.

Ni mimi mama yako,
Boke