Binti Yangu Kaninyima Cheti

Mtaa wa Walnut,
Claremore, Oklahoma.
Tarehe 8 Julai.

Mpendwa mdogo wangu Royce,

Hujambo huko Alaska kwenye baridi yako? Wifi yangu Paulette naye hajambo? Mgongo wake umepoa? Sisi huku tu wazima, ila joto limetukaba. Shemeji yako Dwight goti bado linamsumbua, lakini akienda kuvua kambare haliumi hata kidogo, ajabu ya Mungu. Samaki uliotutumia walifika salama, tena majirani walinusa wakaja wenyewe bila kualikwa. Ahsante sana.

Najua simu ipo. Lakini haya ukiyasikia kwenye simu utanicheka katikati nami nitakukatia, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka barua yangu ya Krismasi nilivyokulalamikia habari za mpwa wako? Kwamba Kendra ameacha udalali wa nyumba, kazi niliyomfundisha mwenyewe, akaenda kuwafundisha madalali wengine darasani. Nikakuambia mtoto hana ulimi wa kuuza, na asiye na ulimi hukimbilia chaki. Basi nisikilize sasa.

Leseni yangu ilikuwa inaisha mwisho wa Juni. Sheria yetu unaijua: kila baada ya miaka kadhaa dalali arudi darasani akamilishe saa zake za masomo, la sivyo leseni inakufa, na hata kibao cha kuuza nyumba huruhusiwi kukisimamisha. Mimi nilikuwa nimetulia tuli, najua nimemaliza. Kumbe! Somo la mafuriko na bima nililisoma mara mbili. Mwalimu wake ni mzee mmoja mcheshi, halafu analeta donati za moto, nikampenda nikarudi tena. Ofisi ya leseni ikaniambia somo moja halihesabiwi mara mbili. Dwight alicheka mpaka akatafuta kiti. "Mke wangu," ananiambia, "wewe umehitimu donati."

Mwenzio sikucheka. Mzee Orval Tackett, jirani yetu, amefiwa na mkewe na anahamia kwa binti yake Wichita. Nyumba yake alinipa mimi, akaapa hataki kumwona yule dalali kijana mwenye mabango kila barabara. Wanunuzi walishapatikana, mtu na mkewe na watoto wao, ikabaki kutia sahihi mwanzoni mwa Julai. Leseni ikifa, kazi inakwenda kwa kijana wa mabango, na mzee wa watu abaki mikononi mwa mtu asiyemtaka.

Nikatafuta darasa la haraka. Likapatikana moja, hapa hapa mjini, kwenye ukumbi wa maktaba. Mwalimu nani? Kendra.

Tulikwenda kwa gari moja, lake. Njia nzima namshauri namna ya kufundisha, naye anaitikia tu, "Ndiyo, Mama." Kufika, akatoa masharti: simu zizimwe, na atakayetoka nje wakati wa somo hapati cheti. Nikaitikia kwa kichwa pamoja na wengine, kama mtu anayesikiliza matangazo ya kanisani. Masharti ya mwanangu mimi yananihusu nini?

Katikati ya asubuhi Mzee Tackett akapiga. Nikatoka. Alikuwa na hofu. Lile handaki lake la kujikinga na kimbunga, nyuma ya nyumba, huingia maji mvua za Mei zikinyesha, na alitaka nisiwaambie wanunuzi. Nikamjibu, "Tutaona." Kisha akaanza habari za marehemu mkewe, akalia, na mimi siwezi kumkatia simu mtu anayelia. Niliporudi, somo lilikuwa limekwisha.

Jioni Kendra akagawa vyeti, anaita majina mmoja mmoja. Langu sikulisikia. Nikauliza, "Na mimi je, mwanangu?"

Akaniangalia. Akasema kwa upole, lakini ukumbi mzima umesikia, "Bi Stovall, ulikuwa nje somo zima la kutangaza kasoro za nyumba. Samahani. Siwezi kukupa."

Bi Stovall! Mimi niliyemnyonyesha!

Na nyumbani turudi kwa gari lile lile, Royce. Tulipokaribia kwetu ndipo akasema, "Mama, nikikupa wewe, wenzako niwaambie nini?"

"Waambie una mama."

"Wanajua. Ndiyo maana walikuwa wananiangalia."

Nilikasirika, sikufichi. Niligonga sufuria jikoni mpaka Dwight akakimbilia kambare wake. Lakini hasira ilipopungua, neno lile likanibana. Mtoto ninayemwambia kila mtu kuwa hana ulimi, alisimama mbele ya watu wazima akamwambia mama yake hapana, na sauti haikutetemeka. Mimi nimeuza nyumba miaka yote hii kwa kusema "tutaona". Mzee Tackett asingethubutu kumwomba Kendra jambo lile.

Siku ya pili akaniletea ujumbe: "Ijumaa nafundisha Bartlesville. Kiti kipo. Simu umwachie Baba." Ijumaa yenyewe ndiyo siku ya mwisho ya leseni. Nikaenda na gari langu, nikakaa mstari wa mbele, mikono mapajani. Akafika kwenye somo la kasoro: dalali anayejua tatizo akanyamaza amemwibia mnunuzi. Masikio yangu yalipata moto. Tena anafundisha vizuri, ndugu yangu! Watu wanacheka, wanauliza, hakuna anayesinzia. Sikuwa nimewahi kumwona akifanya kazi yake.

Kumbe huko nyumbani Mzee Tackett kanipigia tena, na Dwight kamjibu, "Verlene hayupo, bwana. Mwalimu kamkamata."

Jioni jina langu likaitwa. Nikasimama, nikapokea, nikampa mkono kama wengine. Nililia nilipofika garini. Leseni ikahuishwa siku ile ile.

Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Tackett, sikupita hata kwangu. Nikamwambia ama tunawaambia wanunuzi habari za maji, ama atafute dalali mwingine. Akanuna. "Nani kakutia maneno hayo?"

"Kendra."

Akauliza, "Yule aliyekuwa akiturudishia matunda ya mti wetu yaliyoanguka upande wenu?"

"Huyo huyo."

"Haya basi, waambie."

Wanunuzi wakataka handaki lizibwe nyufa, mzee akakubali, na jana wametia sahihi. Alipoondoka alinikumbatia, akaniachia jagi la marehemu la chai ya baridi. Nimefurahi, Royce, nimefurahi kweli.

Cheti kile watu huweka kwenye faili. Mimi nimekitundika sebuleni, pale ilipokuwa tuzo yangu ya mauzo. Kendra aliona, akasema, "Mama, hicho ni cha darasa tu, hakitundikwi." Nikamwambia anyamaze. Karatasi ya kwanza kuwa na majina yetu wawili ilikuwa cheti chake cha kuzaliwa, na sahihi nilitia mimi. Hii ametia yeye.

Msalimie Paulette, na mwanao Garrett na mkewe. Dwight anakusalimu, anasema kambare wa huku wanakuulizia. Mungu akulinde huko baharini, akurudishe mezani kwako kila jioni.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Verlene

N.B. Ile barua ya Krismasi, yenye maneno ya ulimi na chaki, itie motoni. Kendra anakuja kwenu Agosti, na sitaki aikute.