Hayumo Katika Faili Langu

Magomeni,
Mtwara.
11 Agosti, 1968.

Mpendwa kaka Constantino,

Salamu zikufikie huko mkongeni Tanga, wewe na wifi Magreth na watoto. Kile kifua chako kimepona? Huku mihogo imekubali, na mume wangu Mateus ameacha kulalamikia mgongo. Mimi pia mwili ni mzima. Lakini nina hasira, kaka, na nyingine ni juu yako wewe, kwa hiyo kaa chini usome taratibu.

Celeste yu hai.

Ndiyo, binti wa mdogo wetu Deolinda, yuleyule tuliyesema amechukuliwa na Ruvuma pamoja na Mama. Hukuwapo tulipokimbia vita kule kwetu, ng'ambo ya mto, basi nakueleza tena. Sisi tulivuka na mtumbwi wa kwanza. Mama na Celeste walipanda wa pili, mkondo ukawabeba, hatukuwaona tena. Tangu hapo Deolinda amekuwa akienda ofisi ya wakimbizi hapa mjini, na jibu ni lilelile: hayumo. Mwaka juzi ukaandika kwamba wewe ndiye mjomba na umeamua, tuweke matanga. Tukaweka. Deolinda akanyoa nywele.

Nywele zilipoota, akarudi ofisini. Mwezi uliopita nilimsindikiza. Karani, bwana mmoja aitwaye Erasto, alifunua faili akasema hayumo. Nikamwuliza, hayumo wapi?

“Humu katika faili langu,” akasema. “La waliovuka mto.”

Kumbe yapo mengine, la misheni na la hospitali, ila hayo wanayo wenzake chumba cha pili. Damu ilinipanda kichwani. Miaka yote hii “hayumo” ilikuwa na maana ya “hayumo kwangu”, na hakuna aliyejisumbua kuvuka mlango mmoja! Nikaketi kizingitini, nikasema sitoki mpaka karatasi zote za siku zile tulizovuka ziwekwe juu ya meza moja. Akanitishia polisi. Nikamwambia awaite, nao watamsaidia kusoma.

Walizileta kwa kununa. Ya mto ilikuwa na maneno ya Deolinda mwenyewe: anamtafuta mama yake, na binti mwenye kovu la uji wa moto begani. Ya misheni ilisema wamemzika bikizee wa Nangade, kwetu, aliyeokotwa ukingoni, jina halijulikani, na mjukuu wake mwenye homa amepelekwa hospitali. Ya hospitali ilisema msichana mdogo, kovu begani, hana ndugu, amechukuliwa na Zainabu, mke wa Selemani wa Nanyamba. Ukisoma moja tu, huambulii kitu. Zilipolala pamoja, hata Erasto aliona ni mtoto mmoja. Deolinda akamlilia Mama palepale, mbele ya makarani, na hakuna aliyetoa pole.

Kesho yake tulikwenda Nanyamba. Mtoto sasa anaitwa Asha. Hakumtambua Deolinda, alijificha nyuma ya Zainabu, akimwita mama. Zainabu akamkumbatia.

“Sikumwiba, dada,” akasema. “Nilirudi hospitali kuuliza ndugu zake mpaka nikachoka. Waliniambia hakuna anayemtafuta.”

Umesikia, kaka? Huyu anatafuta mtoto, yule anatafuta mwenye mtoto, na karatasi zao zinaliwa na mchwa katika nyumba moja. Nikikumbuka, mikono inaniwasha.

Deolinda hakumpokonya mtu mtoto. Selemani amempa mahali pa kulima karibu na mikorosho yake, naye amehamia huko. Mtoto bado analala kwa Zainabu, ila juzi alikula kwa Deolinda, akaomba kuongezewa.

Sasa nakugeukia wewe. Ulikuwa mbali, hukuuliza sana, ukatuamuru tumlilie mtoto aliye hai. Sitaki uniombe radhi kwa barua. Wewe ndiye mjomba wake, na kuwashukuru wale watu si kazi yangu peke yangu. Korosho zitakapoanza kuokotwa, uwe umefika. Kaburi la Mama kule misheni pia halina msalaba wenye jina lake. Nimekuachia wewe uuchonge.

Mateus anakusalimu. Mpe wifi Magreth mkono wangu, na watoto wote uwabusu. Mungu akupe ruhusa kwa msimamizi wako, na njia isiyo na mabaya.

Wako akupendaye, hasira na yote,
Dada yako, Ermelinda.